Timu imevunjwa, imejengwa upya: tusubiri msimu mmoja au mitano?

Wiki hii safu inatoka Kidete, huku kwetu Kilosa, mahali ambapo reli na mto Mkondoa vimekuwa vikigombea njia moja tangu enzi za Mjerumani. Na mada ni mpira. Dada zangu msifungue ukurasa wa mapishi kwanza, maana mtaona mbele kwamba hili linawahusu hata msiojua kuotea ni nini.

Swali lenyewe ni hili. Timu ikishavurunda, viongozi wakafukuza wachezaji nusu kikosi, wakaleta kocha mpya na sura mpya zinazoshuka uwanja wa ndege zikiwa na miwani ya jua, je, inaweza kupanda haraka? Au hiyo ni ndoto ya mchana, na shabiki ajifunge mkanda miaka mitano?

Hapa kijiweni kwetu, jirani na stesheni, swali hili limevunja urafiki. Kuna mshikaji mmoja wa bodaboda ambaye kila Agosti, jezi mpya zikitoka, huwa ananunua ya kwake siku ya kwanza, halafu anaweka mkeka kwamba timu yake itashinda mechi zote za mwezi. Mkeka ukichanika katikati ya Septemba, anaanza kuimba wimbo wa "kocha aondoke". Upande wa pili yupo mzee mmoja aliyefanya kazi gengi la reli miaka mingi, ambaye akisikia "kikosi kipya" anacheka mpaka kikohozi kinamshika. Kwake kila kitu kinahitaji miaka kumi, hata chai.

Mimi nasema wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa njia yake. Timu inaweza kupanda haraka, tena haraka sana. Ushahidi upo, tena wa hapa hapa Bongo. Kasheshe lipo mwaka wa pili.

SIMBA: KUTOKA TATU BORA HADI FAINALI

Tuanze na Mnyama. Msimu wa 2023/24 ulikuwa msiba Msimbazi. Novemba 5, 2023 walichapwa 5-1 na Yanga, na siku mbili baadaye kocha Robertinho hakuwa na kazi. Akaja Abdelhak Benchikha, naye akaaga Aprili 2024. Juma Mgunda ndiye aliyefunga hesabu. Simba wakamaliza wa tatu, pointi 69 sawa na Azam, ila Azam wakawa juu kwa mabao. Wa tatu! Kwa shabiki wa Simba hiyo si nafasi, hiyo ni tusi.

Ndipo viongozi wakaamua kuvunja nyumba. Clatous Chama akavuka barabara kwenda Jangwani. John Bocco, Saido Ntibazonkiza, Henock Inonga, Luis Miquissone, wote wakaenda zao. Akaletwa Fadlu Davids kutoka Raja Casablanca, Julai 2024, na nyuma yake msururu wa vijana: Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast, Steven Mukwala wa Uganda, Joshua Mutale wa Zambia, Debora Fernandes, Augustine Okejepha, Abdulrazack Hamza, kipa Moussa Camara wa Guinea, Leonel Ateba wa Cameroon. Karibu timu nzima ilikuwa mpya. Watani wakasema hawa watahitaji vitambulisho vya shingoni ili wajuane uwanjani.

Matokeo? Ligi ya 2024/25 walimaliza wa pili kwa pointi 78, yaani tisa zaidi ya mwaka uliotangulia, na ubingwa uliamuliwa siku ya mwisho kabisa, Juni 25, 2025, walipofungwa 2-0 na Yanga iliyomaliza na 82. Ahoua akawa mfungaji bora kwa mabao 16. Kombe la Shirikisho Afrika ndiyo usiseme: waliongoza kundi, wakafungwa 2-0 Misri na Al Masry, wakarudisha mbili Dar na kupita kwa penalti, wakawatoa Stellenbosch wa Afrika Kusini nusu fainali, wakafika fainali. Berkane wakawafunga 2-0 Morocco na Mei 25, 2025 pale Amaan, Zanzibar, ikawa 1-1. Kombe halikuja. Lakini ukiniuliza kama timu iliyovunjwa inaweza kupanda ndani ya miezi kumi na mbili, jibu ni hilo hapo, limeandikwa kwa wino.

Sasa mshikaji wangu wa bodaboda anashangilia. Polepole, kaka. Soma chini.

ILIPANDA KWA NINI?

Watu wengi wanadhani ilipanda kwa sababu ya washambuliaji. Ndivyo tulivyo, macho yetu yanafuata mabao kama nzi na embe. Lakini angalia ule uti wa mgongo. Golini alikaa kipa mmoja anayeaminika. Nyuma walibaki watu waliokuwepo: Shomari Kapombe kulia, Mohamed Hussein "Tshabalala" kushoto na kitambaa cha unahodha mkononi, Che Malone katikati. Kwenye kiungo alikuwepo Fabrice Ngoma. Yaani nyumba ilibomolewa madirisha, milango, bati na rangi, ila nguzo hazikung'olewa. Wageni walipoingia walikuta mtu wa kuwaambia, "Dogo, hapa tunakaba hivi."

Hii ndiyo siri ya kwanza. Timu inayopanda haraka ni ile inayojua kipi cha kubomoa na kipi cha kuacha. Ukibomoa vyote, unaanza na kiwanja kitupu, na kiwanja kitupu hakimkingi mtu mvua.

Sasa tazama kilichofuata. Dirisha la 2025 lilipofunguliwa, Tshabalala, nahodha mwenyewe, akavuka kwenda Yanga. Che Malone akaondoka. Ngoma akaondoka. Septemba 2025 Davids naye akarudi Raja, msimu ndiyo kwanza umeanza. Oktoba akaja Dimitar Pantev, Desemba akaaga, na kabla mwaka haujaisha akatangazwa Steve Barker, yule yule aliyekuwa na Stellenbosch waliotolewa na Simba nusu fainali. Hesabu mwenyewe: ndani ya mwaka mmoja, walimu watatu na nguzo tatu chini. Hapo hujengi tena, hapo unahamisha matofali.

Ndiyo maana nasema kupanda si kazi. Kazi ni kukaa juu ya bati bila kuteleza.

YANGA: MIAKA MITANO YA BAKULI

Haya, mzee wa gengi naye asikilize, maana mfano wake ni huu.

Yanga walibeba ubingwa msimu wa 2016/17. Mei 2017 Yusuf Manji akaachia uenyekiti, na pesa zikaondoka naye. Mnaokumbuka mnakumbuka. Msimu wa 2018/19, chini ya Mwinyi Zahera, wanachama walikuwa wakichangishana, ndiyo ule utani wa "kutembeza bakuli" uliowanyima watu wa Jangwani usingizi. Na bado walimaliza wa pili. Wakawa wa pili tena 2019/20, wa pili tena 2020/21. Simba wakabeba mara nne mfululizo, wakawa wanawapigia wenzao honi barabarani.

Lakini ndani ya miaka hiyo ya aibu kulikuwa na kitu kinajengwa kimya kimya. GSM wakaingia na pesa. Bakari Mwamnyeto akaletwa kutoka Coastal Union mwaka 2020. Kibwana Shomari akaja kutoka Mtibwa, Dickson Job akafuata Januari 2021, naye kutoka Mtibwa. Nasreddine Nabi akapewa timu Aprili 2021. Baada ya hapo ndipo wakaja Djigui Diarra golini, Khalid Aucho kiungo, Yannick Bangala, Djuma Shabani na Fiston Mayele. Januari 2022 akaongezwa Ibrahim Hamad "Bacca" kutoka KMKM ya Zanzibar. Soma hiyo orodha tena: mabeki kwanza, halafu kipa na kiungo, mfungaji akaja kukuta nyumba ina msingi.

Msimu wa 2021/22 wakabeba ubingwa bila kufungwa mechi hata moja. Wakabeba 2022/23 na kufika fainali ya Shirikisho, wakaikosa kwa USM Alger kwa bao la ugenini tu. Wakabeba 2023/24. Wakabeba 2024/25.

Na hapa ndipo penye utamu. Msimu huo wa 2024/25 Yanga walitumia makocha watatu: Miguel Gamondi aliondolewa Novemba, akaja Sead Ramovic, akaondoka, akaja Miloud Hamdi Februari. Watatu! Kwa kawaida timu ya namna hiyo inazama. Wao wakabeba kombe. Kwa nini? Kwa sababu Diarra alikuwa bado golini, Job, Bacca na Mwamnyeto walikuwa bado nyuma, na Aucho alikuwa bado katikati. Walimu walipita kama abiria, wenye nyumba walikuwepo.

Kwa hiyo mzee wangu, ni kweli Yanga ilichukua miaka mitano. Lakini haikuchukua miaka mitano kwa sababu mpira unahitaji miaka mitano. Mitatu ya mwanzo ililiwa na ukata. Tangu nguzo zilipoanza kusimama mwaka 2020 mpaka ubingwa ni misimu miwili. Miwili tu.

SISI WA MOROGORO NA MTIBWA YETU

Mpaka hapa nimezungumza habari za wakubwa, wenye wafadhili na mabasi yenye kiyoyozi. Sasa niguse kidonda cha nyumbani.

Mkoa wetu una Mtibwa Sugar ya Turiani. Watoto wa leo hawaamini ukiwaambia, lakini Mtibwa walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara 1999 na wakarudia 2000. Mara mbili mfululizo, timu ya wakata miwa, mbele ya Simba na Yanga! Juni 2018 wakachukua Kombe la Shirikisho la TFF kwa kuifunga Singida United 3-2 kule Arusha. Vikosi vyao vya vijana chini ya miaka 20 vimebeba ligi ya vijana zaidi ya mara moja. Manungu ni shamba la miwa na shamba la wachezaji.

Halafu mwaka 2024 wakashuka daraja. Jamani! Siku ile kuna watu wazima hapa Kilosa walikaa kimya kama wamefiwa.

Lakini ona maajabu. Msimu mmoja tu wa Championship, 2024/25, wakamaliza kileleni na kurudi Ligi Kuu, wakiongozana na Mbeya City. Mwaka mmoja chini, mwaka wa pili juu. Kwa hiyo hata timu isiyo na tajiri wa Kariakoo inaweza kuinuka haraka.

Tatizo la Mtibwa ni nini basi? Jibu lipo kwenye orodha niliyokupa juu. Job na Kibwana walitoka wapi? Mtibwa. Mwaka 2016 Simba walipotaka kujiinua baada ya ukame ulioanza 2012, walikwenda kuchukua nani? Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim, wote watatu kwa mkupuo mmoja, wote kutoka Mtibwa. Mwaka uliofuata wakaongeza Emmanuel Okwi, Bocco, Aishi Manula, Kapombe na Erasto Nyoni, na 2017/18 wakawa mabingwa. Umeona? Nyumba za Dar zinajengwa kwa matofali ya Turiani. Aliyefyatua tofali anabaki na shimo.

Mimi siwalaumu vijana. Kijana wa miaka ishirini akiitwa Dar aende kulipwa mara kadhaa ya anachopata, umwambie abaki kwa ajili ya historia? Hata mimi ningefunga begi usiku huo huo. Ninachosema ni kwamba timu ndogo inayouza nguzo tatu dirisha moja isishangae paa likishuka.

WENZETU AUSTRALIA WANA DAWA

Nikichokonoa mambo haya nimekutana na kitu kizuri. Kule Australia wana mpira wao wa ajabu. Uwanja ni wa mviringo kama sinia la pilau, mpira wenyewe umbo la yai, watu 18 kila upande, wanapiga kwa miguu na kwa ngumi, na wanaruka migongoni mwa wenzao kudaka. Ukiwaona utadhani wanagombania samaki.

Lakini katika ligi yao kuna busara. Kila mwaka vijana wapya wanagawiwa kwa zamu, na timu iliyoshika mkia ndiyo inayopewa nafasi ya kuchagua mapema kuliko wengine. Halafu kuna kikomo cha mishahara, tajiri hawezi kuwanunua wote. Yaani ukianguka, sheria inakupa mkono.

Matokeo yake, timu zinaruka kama panzi. Richmond walikuwa wa 13 mwaka 2016, mwaka 2017 wakawa mabingwa. Collingwood walikuwa wa 17 kati ya 18 mwaka 2021, wakawa wa nne 2022, mabingwa 2023. Brisbane walimaliza wa 15 mwaka 2018, mwaka uliofuata wakawa wa pili. Ila sikiliza: Brisbane hao hao, baada ya kupanda ghafla, walisubiri mpaka 2024 kupata kombe, wakaongeza na la 2025. Njiani walifungwa fainali ya 2023 kwa pointi nne, na kwenye mchezo ule pointi nne ni kama kukosa kwa unywele. Hawakuvunja timu kwa sababu ya unywele. Na Richmond, baada ya makombe matatu, wakaacha nguzo zizeeke pamoja. Mwaka 2024 walishika mkia.

Sasa linganisha na kwetu. Kule anayeshika mkia anachaguliwa kijana bora. Huku anayeshika mkia ananyang'anywa. Kwa hiyo mtu asije akaniambia "mbona fulani walipanda mwaka mmoja", bila kuniambia waliopanda walikuwa na nini mkononi.

MAMBO YA RELI

Wageni wanaoshuka Kidete huwa wanauliza kwa nini watu wa hapa hawana haraka ya kusifia kitu kipya. Nitawaambia.

Reli ya kati ilijengwa kufuata bonde la Mkondoa. Mvua kubwa ikinyesha, mto unakula tuta, reli inabaki inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliwahamisha watu kwenye mahema Kilosa na kusimamisha treni kwa miezi. Likitokea hivyo, kokoto zinaletwa, mafundi wanakesha, treni inapiga honi, watu wanashangilia. Msimu mwingine wa mvua, mto unarudi kuuliza kulikoni. Reli mpya ya SGR ilipokuja, treni za abiria zikaanza kwenda Dodoma Julai 2024, mafundi walitoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki na kunyanyua njia juu. Hawakuja kuziba, walikuja kujenga.

Mzee wa gengi aliniambia neno moja nikaliandika. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaitika, "Marahaba mjukuu wangu," halafu akasema, "Tuta unalipima siku ya mvua ya pili. Ya kwanza linaweza kusimama kwa bahati."

Hapo tukakubaliana, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza mwaka huu. Timu nayo ni hivyo hivyo. Msimu wa kwanza wapinzani hawakujui, wachezaji wana njaa, kocha ana maneno mapya. Msimu wa pili wameshakusoma, nyota wako wameshaanza kupigiwa simu, na viongozi wameanza kuota mchana. Hiyo ndiyo mvua ya pili.

Leicester ya Uingereza ni shahidi. Walinusurika kushuka 2015, wakawa mabingwa 2016, dunia nzima ikalia kwa furaha. Waliongeza watu wachache juu ya kikosi kilichokuwepo, akiwemo N'Golo Kante pale katikati. Kiangazi kile kile Kante akauzwa Chelsea. Msimu uliofuata kocha Claudio Ranieri akafukuzwa Februari 2017, bingwa mtetezi akamaliza wa 12. Nguzo moja tu, jamani.

SASA TUFANYEJE?

Mimi si kocha, nimeishia kidato cha nne na viatu vyangu vya mpira viliuzwa zamani. Lakini nina vipimo vyangu vinne, uvitumie kabla hujaweka mkeka wala kununua jezi.

Kwanza, timu yako ikitangaza usajili, usihesabu washambuliaji. Uliza: kipa ni nani, beki wa kati ni nani, kiungo mkabaji ni nani? Hao watatu wakijulikana na wakawa wale wale kwa mechi kumi, tarajia mazuri mapema. Wakibadilishwa kila wiki, hata umlete nani mbele, andika maumivu.

Pili, angalia waliobaki, si walioingia. Picha za uwanja wa ndege zinadanganya. Timu iliyobakiza watu watano au sita wa kikosi cha kwanza inaweza kupanda mwaka ule ule. Iliyofagia wote inahitaji miwili, kama pesa ipo.

Tatu, timu ndogo iuze, maana lazima ile, lakini iuze nguzo moja kwa dirisha moja, na mrithi wake awe ameshacheza mechi za kutosha kabla mwenyewe hajaondoka. Mtibwa wanao vijana. Wasiwauze wote siku moja kama mahindi ya kuogopa mdudu.

Nne, na hili ni letu sisi mashabiki. Kelele zetu zina bei. Kila tukiimba "kocha aondoke" baada ya sare mbili, kuna kiongozi anayeogopa kukosa kura anatusikia. Anayelipwa fidia ni kocha. Anayeanza upya ni sisi.

Kuna dada mmoja anauza mihogo ya kukaanga hapa stesheni, shabiki wa Yanga wa kufa, aliyevaa jezi ya kijani miaka yote ya bakuli huku akichekwa na kila treni. Nilimuuliza alivumilia vipi. Akanijibu bila kuacha kugeuza mihogo: "Kaka, mimi nilikuwa naangalia mabeki. Nilipoona tumeacha kufungwa mabao ya kijinga, nikajua tunakuja. Nyie mnasubiri kombe ndio mjue." Halafu akanidai mia mbili yake.

Wachambuzi wa redioni wakae chini wamsikilize huyo dada.

Na ninyi dada zangu niliowaahidi mwanzoni, hesabu ni ile ile. Mwanaume aliyebadilika ndani ya mwezi mmoja, ameacha pombe, anapiga simu asubuhi na jioni, anaitwa msimu wa kwanza. Mpe nafasi, wala usimcheke, kwa sababu watu hubadilika kweli na wengine haraka. Ila mahari asubiri mpaka mvua ya pili inyeshe.

Kwa hiyo jibu la swali ni hili, likatwe na kubandikwa kijiweni: ndiyo, timu iliyovunjwa inaweza kupanda msimu mmoja. Kombe ni la wale wanaoacha nguzo zisimame msimu wa pili.

Mshikaji wa bodaboda, nakuomba Agosti ijayo ununue jezi, maana timu inahitaji hela yako. Mkeka uache nyumbani.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaongea kuhusu wale wanaokopa suti ya harusi na kurudisha ina mchuzi. Wenyewe mnajijua. Kwaherini!